Fimbo ya Gofu Huvutwa, Haisukumwi

Kichwa cha draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote mfukoni mwa mchezaji gofu, kina gramu 200 hivi. Fimbo ikifika juu kabisa, nyuma ya mabega ya mchezaji, husimama kwa kitambo kidogo mno. Robo sekunde baadaye kichwa hichohicho kinaukuta mpira, na kwa mchezaji wa kulipwa kinakuwa kimeshika kasi ya mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Hakuna injini hapo. Kuna mtu mmoja tu, nyayo zake mbili chini na mikono yake miwili kwenye mshikio.

Waulize watazamaji kasi hiyo imetoka wapi, wengi watakuonyesha mikono ya mchezaji. Yule ana misuli, yule anapiga kwa nguvu. Hata wachezaji wenyewe, tena wa miaka mingi, hucheza kana kwamba kazi yao ni kuisukuma fimbo iupige mpira. Nimebishana na watu wa namna hii mara nyingi, na ubishi wa maneno haujawahi kumshawishi hata mmoja. Hesabu ndogo huwa inasaidia zaidi.

Gramu 200 kutoka sifuri hadi mita 50 kwa sekunde, ndani ya robo sekunde. Huo ni mchapuko wa wastani wa mita 200 kwa sekunde kila sekunde, mara ishirini ya mchapuko wa kitu kinachoanguka. Unasikika mkubwa, lakini gramu 200 ni kitu kidogo: kani ya kukipeleka kichwa mbele kwenye njia yake ni nyutoni 40 tu kwa wastani, sawa na kubeba kilo nne. Karibu kila mtu mzima anaziweza.

Sasa kuna kani ya pili. Kichwa cha fimbo hakiendi kwa mstari ulionyooka, kinazunguka, na chochote kinachozunguka lazima kivutwe kuelekea ndani muda wote, la sivyo kitashika njia yake na kwenda zake. Ukubwa wa mvuto huo ni tungamo mara kasi mara kasi, ukigawanya kwa nusukipenyo cha duara. Karibu na mpira nusukipenyo cha njia ya kichwa ni kama mita moja na nusu, kwa hiyo tunapata nyutoni 330 na kitu, uzito wa kilo 34. Na hapo sijauhesabu ufito wenyewe, ile sehemu ndefu nyembamba kati ya mshikio na kichwa, ambao nao unazunguka na unataka kuvutwa.

Kilo nne za kupeleka mbele, kilo 34 za kuvuta ndani. Aliyeshika fimbo haoni kwamba anavuta. Anachohisi ni fimbo ikimvuta yeye kwenda nje, kwenye mpira, mpaka mabega yanataka kufuata. Ndiyo maana watu husema kuna kani ya kutupa nje. Walimu wa fizikia hukasirika wakisikia hivyo, nami siwalaumu: ukisimama pembeni ukatazama, hakuna kitu kinachokivuta kichwa kwenda nje. Kuna mikono inayokivuta ndani, na kichwa kinachokataa kuacha mstari wake. Lakini aliye ndani ya mzunguko ana haki ya kueleza anachokihisi, na mchezaji anayesema fimbo ilitaka kumchomoka mkononi amepima kitu cha kweli, ingawa ameutaja mwelekeo kwa upande wa pili wa kamba.

Nimesema kamba kwa makusudi. Mtu yeyote aliyewahi kutumia kombeo anaijua fizikia ya gofu kuliko anavyodhani. Kombeo ni kamba na jiwe. Kamba haiwezi kusukuma. Kamba haiwezi kulisokota jiwe liende mbele. Kitu pekee inachoweza ni kuvuta, kufuata urefu wake, na bado jiwe linatoka kwa kasi ambayo mkono peke yake hauwezi kuifikia kamwe. Fimbo ya gofu ni ngumu, inaweza kusukuma ikilazimishwa, na ugumu huo ndio unaowadanganya watu. Katika sehemu kubwa ya safari ya kushuka, hasa mwishoni, inafanya kazi ileile ya kamba.

Msomaji makini ataniuliza: kama mvuto unaelekea ndani, kasi inaongezekaje? Kani iliyo pembemraba na mwendo haiongezi kasi hata chembe, inageuza mwelekeo tu. Swali zuri, na jibu lake ndilo siri ya mchezo mzima. Mvuto ungekuwa pembemraba kabisa kama mkono ungekaa tuli katikati ya duara. Hautulii. Mwenye kombeo huuzungusha mkono kwenye kiduara kidogo, na mkono hutangulia kidogo mbele ya jiwe, kwa hiyo kamba haivuti ndani moja kwa moja. Inavuta ndani na mbele kwa mshazari. Sehemu ile ya mbele ndiyo inayolipa jiwe kasi. Mchezaji gofu naye mikono yake inasafiri kwenye upinde wake mdogo, ikitangulia, huku fimbo ikiwa bado imekunjwa nyuma. Mvuto unapita kwenye ufito kutoka mshikio hadi kichwa, nao una sehemu kubwa inayoelekea mbele. Kadiri fimbo inavyokunjuka na kulingana na mikono, sehemu hiyo inapungua, na ikifika kwenye mpira karibu yote imekuwa ya kuvuta ndani.

Karibu yote, lakini si yote. Mwaka 2001 mtafiti Koryo Miura alichapisha uchambuzi wa kitu ambacho wapigaji hodari hufanya bila kukijua: karibu na mpira mikono yao haiendelei kushuka, inavutwa juu na ndani. Kukivuta kitu kinachozunguka kuelekea katikati ni kufanya kazi dhidi ya mwendo wake wa kwenda nje, na kazi hiyo haipotei, inageuka kasi. Ukitazama wapigaji wa mbali kwa mwendo wa polepole utaona bega la mbele likiinuka na mguu wa mbele ukinyooka kama anaruka. Zamani nilidhani hizo ni mbwembwe.

Watafiti wa Uingereza waliolichambua pigo miaka ya 1960 walilieleza kwa pendulamu mbili zilizounganishwa. Ya kwanza ni mikono, ikining'inia kwenye bega. Ya pili ni fimbo, ikining'inia kwenye vifundo vya mikono. Mashine ya kupima fimbo na mipira iliyojengwa Marekani miaka hiyohiyo, ikaitwa Iron Byron kwa heshima ya mchezaji gofu Byron Nelson, haina zaidi ya hayo: mkono mmoja, bawaba moja, fimbo. Haina misuli ya vifundo, na inapiga mpira mbali na sawasawa kila mara.

Bawaba hiyo ndiyo inayostahili kukaliwa na kutafakariwa. Mwanzoni mwa kushuka, fimbo ikiwa imekunjwa karibu na mwili, mfumo wote ni mwepesi kuuzungusha, kwa sababu ugumu wa kuzungusha kitu unategemea umbali wa uzito wake kutoka katikati, tena kwa umbali mara umbali. Ukiipeleka fimbo mbali mara mbili, ugumu unakuwa mara nne. Kwa hiyo mwili unageuka haraka wakati mzigo uko karibu. Kisha kasi ikipanda, mvuto unaikunjua fimbo wenyewe, kichwa kinakimbilia nje, na hapo ugumu wa kuzungusha unapanda ghafla. Mikono inapunguza kasi. Mchezaji hakuifunga breki. Fimbo ndiyo iliyoichukua momenta ya mikono na kuondoka nayo.

Mwaka 1938 Harold Edgerton wa chuo cha MIT alimpiga picha mchezaji Densmore Shute kwa taa zake za kumulika mfululizo, pigo zima kwenye picha moja. Kwenye picha za aina hiyo unaweza kuona kila kitu bila fomula. Vivuli vya kichwa cha fimbo vinaachana zaidi na zaidi kadiri fimbo inavyokaribia mpira, huku vivuli vya mikono vikibaki vimesongamana. Mikono ya mchezaji mzuri haifikii hata robo ya kasi ya kichwa. Fimbo kwenye mpira inazunguka kama nyuzi 2300 kwa sekunde, yaani radiani 40. Zidisha kwa urefu wa mita 1.1 unapata mita 44 kwa sekunde kutokana na mzunguko peke yake. Zinazobaki sita au saba ndizo za mikono.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unawanyamazisha wabishi. Kama mikono ingekuwa inakisukuma kichwa mbele wakati wa kugonga, ufito ungepinda kinyumenyume, mikono ikitangulia na kichwa kikiburutwa. Kamera za kasi zinaonyesha kinyume: kabla tu ya kugonga, ufito umepinda kuelekea mbele, kichwa kimeutangulia mstari wa mshikio. Sababu mojawapo ni kwamba kitovu cha uzito wa kichwa hakikai kwenye mstari wa ufito, kiko pembeni na nyuma yake. Mvuto wa kilo zaidi ya 30 unapopita hapo, unataka kukileta kitovu hicho kwenye mstari, basi unaupinda ufito mbele na kuishusha chini ncha ya kichwa, yaani upande wake ulio mbali na ufito. Vipimo vya kani za mikononi vinasema hivyohivyo: sehemu chache za elfu ya sekunde kabla ya mpira, msokoto wa mikono kwenye mshikio huwa hasi. Fimbo inazunguka kwa kasi ambayo vifundo haviwezi kuifuata, hivyo vinaizuia badala ya kuisaidia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaofundisha kwa kusema "ishike pembe, ishike, ishike, halafu iachie." Pembe hiyo ni ile kati ya mikono na fimbo. Anayejaribu kuishikilia kwa nguvu hukaza vifundo, na vifundo vilivyokazwa vinaifanya bawaba isiwe bawaba. Uso wa fimbo unafika ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia kwa anayepiga kwa kulia, na mpira unakwenda kulia. Kosa la upande wa pili ni kuitupa fimbo kwa vifundo tangu juu, na hilo ndilo la wengi: fimbo inakunjuka mapema, mfumo unakuwa mzito kabla haujapata kasi, na kilele cha mwendo kinapita kabla ya mpira. Kwa mwenye ugonjwa huu kuna jaribio rahisi. Geuza draiva, ishike upande wa kichwa, mshikio ukiwa chini, kisha zungusha. Utasikia "vuuu". Sikiliza iko wapi. Ikisikika juu ya bega la nyuma, umetupa mapema. Inatakiwa isikike pale mpira ungekuwa, au mbele yake kidogo. Usitafute nguvu, tafuta mahali pa sauti, na vifundo vitajipanga vyenyewe.

Mwili nao? Hauwezi kujigeuza bila kitu cha kukikanyaga. Mchezaji hugeuza nyonga kwa kuisukuma ardhi mguu mmoja kwenda mbele na mwingine kwenda nyuma, na ardhi hurudisha. Wapigaji wa mbali huikandamiza ardhi kwa kani inayozidi uzito wa mwili wao kwa nusu na zaidi. Mpangilio ni uleule kwa karibu wote walio bora: nyonga hufikia kilele cha kasi yake kwanza, kisha kiwiliwili, kisha mikono, kisha fimbo, na kila kimoja kinapopunguza mwendo, kinachofuata kinapanda juu yake.

Mfano wa kutokuwa na hayo yote uko mwezini. Tarehe 6 Februari 1971, Alan Shepard wa Apollo 14 alifunga kichwa cha fimbo namba 6 kwenye mpini wa kifaa cha kuchotea udongo, akapiga mipira. Mvuto wa mwezi ni sehemu ya sita ya wa dunia na hakuna hewa ya kupunguza mwendo. Mpira unaotoka kwa mita 40 kwa sekunde tu, kasi ya mchezaji wa kawaida sana, ungeweza kwenda karibu kilomita moja ukipigwa kwa pembe inayofaa. Shepard alisema wake ulikwenda maili na maili. Picha zilipochambuliwa upya mwaka 2021, ilionekana mpira wa kwanza ulikwenda yadi 24 na wa pili yadi 40. Vazi la anga lilikuwa gumu, hakuweza kushika fimbo kwa mikono miwili wala kugeuza mabega, na mojawapo ya mapigo yake lilikula udongo zaidi ya mpira. Fimbo ilisukumwa kwa mkono mmoja, mbele ya kiwiliwili kisichozunguka. Mwezi mzima haukutosha kufidia.

Turudi duniani, kwenye kugonga kwenyewe, ambako mambo ni ya haraka mno. Mpira una gramu zisizozidi 45.93, sheria inasema hivyo. Unakaa usoni mwa fimbo kwa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, unatoka na mita 74 kwa sekunde hivi, na kichwa kinabaki na mita 33. Kani ya wastani kati yao ni kama nyutoni 6800, uzito wa karibu kilo 700. Kilichonivutia mimi ni suala la nani anafanya kazi hiyo. Sauti ndani ya chuma husafiri kama mita 5000 kwa sekunde, kwa hiyo katika muda ule inakwenda mita mbili na nusu: inatosha tu kupanda ufito hadi mikononi na kurudi, na mawimbi ya kupinda huenda polepole zaidi. Kwa mpira, mikono yako iko mbali mno. Mpira umegongwa na kichwa kinachoruka kana kwamba hakijaunganishwa na mtu. Na taarifa ya mgongano ikipanda mishipa hadi kwenye ubongo nawe ukaihisi, kwa sehemu ya kumi ya sekunde hivi, mpira uko mita saba mbele. Wanaosema wao "huusindikiza" mpira usoni mwa fimbo wanausindikiza mpira ambao haupo.

Ila kichwa kilichobaki peke yake nacho kina mzunguko wake, na hapa wengi hawatazami. Mpira ukigongwa katikati, mbele ya kitovu cha uzito, kichwa kinarudi nyuma tu. Ukigongwa upande wa ncha, kichwa kinajizungusha, ncha ikirudi nyuma. Kwa draiva, ambayo kitovu chake kiko nyuma ya uso kwa sentimita kadhaa, kugeuka huko kunauburuza uso pembeni kwenye mpira, nao unauzungusha mpira kinyume, kama meno ya gia mbili zilizoshikana. Kwa anayepiga kwa kulia, mpira uliogongwa kwenye ncha huanzia kulia kisha hupinda kushoto. Uliogongwa kisiginoni, upande wa karibu na ufito, hupinda kulia. Uso wa draiva umetiwa mbinuko wa nje kwa sababu hiyohiyo, ili mpira uanzie mbali vya kutosha kupinda na kurudi. Fimbo za chuma hazionyeshi jambo hili sana, kitovu chao kikiwa karibu na uso.

Watengenezaji wameusukuma uzito kwenda kingoni ili kichwa kisigeuke kirahisi, hadi wanaosimamia sheria wakaweka kikomo: ugumu wa kuzunguka usizidi gramu 5900 za sentimita mraba, na nafasi ya uvumilivu ya 100 juu yake. Ujazo nao una kikomo, sentimita 460 za ujazo. Ndiyo maana matangazo ya draiva mpya kila mwaka, kwa maoni yangu, yanauza rangi zaidi ya fizikia.

Mpira ukishaondoka kuna mzunguko mmoja tu uliobaki, wake mwenyewe. Watu husema mpira una mzunguko wa nyuma na mzunguko wa pembeni, kana kwamba kitu kimoja kinaweza kuzunguka kwa njia mbili. Una mhimili mmoja. Ukiwa mlalo, mpira unainuliwa na hewa na kubaki angani. Ukiinama upande, unainuliwa na kupinda kwa pamoja. Mwanafizikia Peter Guthrie Tait wa Edinburgh aliligundua hilo la kuinuliwa katika miaka ya 1890, akiwa na mtoto wake Freddie, bingwa wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1896 na 1898, wa kumfanyia majaribio. Draiva huuzungusha mpira mara 2000 hadi 3000 kwa dakika, na fimbo fupi za karibu na shimo hupita 9000.

Kwa hiyo mpira wako ukipinda kushoto, usikimbilie kubadilisha mshiko. Nyunyiza poda nyeupe usoni mwa draiva, ile ya miguuni inafaa kabisa, kisha piga mara kadhaa. Alama ikijitokeza upande wa ncha, mikono haina hatia; kichwa ndicho kilichojizungusha chenyewe, nawe sogea kidogo karibu na mpira. Alama ikiwa katikati na bado unapinda, hapo uso ulifika umefungwa ukilinganisha na njia ya fimbo, na ndipo uanze kuvichunguza vifundo.